Sura juu ya Shaba

Kitu hupata wapi thamani yake: katika mwili wake, au katika sura iliyotiwa juu yake? Swali hili lawafaa watu wa Likasi, maana nchi yao ni nchi ya shaba.

Hapo kale, kabla ya wamisionari kufika, wafua shaba wa Katanga walimimina shaba katika umbo la msalaba. Haukuwa msalaba wa dini, ulikuwa mali. Misalaba hiyo imeonekana hata katika makaburi ya Sanga, karibu na ziwa Kisale. Haikuwa na jina la mfalme. Thamani yake ilikuwa shaba yenyewe.

Warumi walifanya namna nyingine. Sarafu zao za shaba zilitiwa kichwa cha Kaisari, na jina lake likikizunguka. Atakaye kuzitambua husoma kwanza herufi: IMP ni jemadari mkuu, AVG ni Augusto, nyuma, S C ni amri ya baraza la wazee. Kisha hutazama kichwa: taji lenye miali mara nyingi laonyesha dupondio, yaani asi mbili. Akikuta herufi zimelika, hachongi mpya, maana huo ni uongo. Husema aliyoyaona tu.

Lakini sura ya mfalme ni kitu dhaifu. Mwaka 211 Kaisari Caracalla alimwua Geta, mdogo wake, na sura ya Geta ikafutwa. Zipo sarafu za mji wa Stratonikeia zenye sura ya Caracalla, na mbele yake pengo. Katanga nayo ilipiga sarafu mwaka 1961, zenye msalaba ule wa kale. Januari 1963 utawala ule ukaisha, na neno lake likaisha pamoja nao.

Basi mwanadamu je? Wengine humpima kama msalaba wa shaba, kwa nguvu za mikono yake; wengine kama sarafu, kwa cheo alichopewa na wakubwa. Mzee aliyechoka hana nguvu. Aliyeondolewa kazini hana cheo. Je, thamani yao imekwisha? Hapana. Yesu alipoonyeshwa sarafu aliuliza sura ile ni ya nani; ya Kaisari arudishiwe Kaisari. Mtu ana sura ya Mungu, na Mungu hapinduliwi. Dhambi huichafua sura hiyo, haiwezi kuifuta.

Kwa hiyo amtazamaye mlevi au mfungwa na afanye kama mtambuzi mwema: asimkwangue kwa maneno makali, asimpambe kwa uongo, asimtupe. Caracalla alimfuta ndugu yake. Shaba yenyewe yamshuhudia hata leo.