Je, Yafaa Kuvaa Miwani Yenye Jina la Uongo?

Mwalimu mmoja wa mtaa wetu hapa Pangani (twasema Pangani ya Kibaha, wala si ile ya mwambao wa Tanga) alitujia jioni moja na swali ambalo kwanza lilituchekesha, kisha likatunyima usingizi. Amekwisha kuvuka miaka 40, na herufi za kitabu zilikuwa zimeanza kumkimbia, hata akawa anasoma kwa kunyoosha mkono mpaka mkono ukaisha. Basi alishuka Kariakoo, akanunua fremu kwa mchuuzi wa barabarani kwa shilingi 15,000, nayo imeandikwa Gucci ubavuni kwa herufi za rangi ya dhahabu. Akapimwa macho, akatiwa vioo vyake, akasoma vema. Walakini siku ya mafundisho ya kipaimara kijana mmoja alimwuliza, "Mwalimu, hiyo ni ya kweli?" Naye akajibu, "Ndiyo." Akatuambia, "Mchungaji, nimekosa wapi? Niliponunua, au nilipojibu?"

Kwanza yatupasa kuliheshimu hitaji lake. Miwani si pambo tu. Waganga waliowapima watu wa vijijini huko Kongwa, Dodoma, waliona ya kuwa zaidi ya nusu ya wenye umri wa miaka 40 na kuendelea hawaoni vema vitu vya karibu. Na huko Bangladesh, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2024, watu wa vijijini waliopewa miwani ya kusomea ya bei ndogo waliongeza mapato yao kwa kadiri ya theluthi moja katika miezi minane. Miwani ile iliwafaa kwa vioo vyake, wala si kwa jina la mtu lililoandikwa ubavuni.

Tena hatuwezi kumlaumu mtu kwa kutaka fremu ya kupendeza. Kanga huvuliwa na kofia hutundikwa, bali miwani hukaa usoni tangu asubuhi hata usiku, na wako watoto waliokwisha kuificha mfukoni kwa sababu wenzao waliwacheka. Aliye na miwani mfukoni haoni zaidi ya asiye nayo.

Lakini jina lile ni nini? Hapa pana jambo ambalo wengi hawalijui. Mwaka 1961, katika mji mdogo wa Agordo kule Italia, Leonardo Del Vecchio, aliyelelewa katika nyumba ya yatima, alianzisha kiwanda kiitwacho Luxottica. Kwanza kilitengeneza vipande tu vya miwani ya watu wengine. Baadaye kikakua, kikainunua Ray-Ban mwaka 1999, na mwaka 2018 kikaungana na Essilor ya Ufaransa. Kampuni hiyo hutengeneza pia miwani yenye jina la Prada na ya Chanel, kwa kuwalipa ada wenye majina hayo. Basi hata aliyenunua iliyo halali, kwa fedha nyingi, mara nyingi amenunua jina lililokodishwa.

Mtu atasema, "Kama ni hivyo, kosa la mchuuzi wa Kariakoo liko wapi?" Tulilipima sana neno hili. Aliyekodisha jina ameridhia, naye atajibu kazi ikiharibika. Aliyelichukua bila ruhusa hakumwuliza mtu, wala hatajibu kwa lolote. Ndiyo maana Sheria ya Alama za Bidhaa ya mwaka 1963 inakataza jambo hilo, na walimu wetu hawajasahau ya kuwa Luther, alipoieleza amri ya saba, alitaja bidhaa za udanganyifu pamoja na wizi. Angalieni miwani ya jua. Nyuma ya vioo vyeusi mboni ya jicho hupanuka. Vioo visipozuia ile miale ya jua isiyoonekana, miale hiyo huingia kwa wingi kuliko inavyotazamiwa. Mnunuzi hawezi kuiona kwa macho yake, basi huliamini jina. Hapo jina la uongo laweza kumdhuru.

Kwa mwalimu wetu neno ni jingine. Mchuuzi alijua, na mnunuzi alijua, maana Gucci haiuzwi shilingi 15,000 chini ya mwavuli. Kati ya hao wawili hakuna aliyedanganywa. Ni nani basi aliyeandikiwa herufi zile? Ni mtu wa tatu, asiyekuwapo sokoni, atakayeketi benchi la mbele Jumapili. Kijana yule ndiye aliyeandikiwa. Alisoma, akauliza, akajibiwa. Uongo ulikuwa umelala katika fremu tangu Kariakoo, ukaamkia kinywani mwa mwalimu.

Nasi tusijifanye watakatifu. Mwaka huu tulikwenda kutafuta yetu, tukaijaribu moja yenye jina kubwa, tukajitazama katika kioo mara mbili, pengine tatu. Mwisho tulipata katika mtumba fremu ngumu isiyo na jina lolote, fundi akaikaza misumari na kutia vioo vya kipimo chetu. Mwenye fedha kidogo na atangulize kipimo na vioo. Fremu yaweza kungoja, hata ile nzuri, kwa kuwa vioo vipya hutiwa katika fremu ya zamani ikiwa bado nzima.

Mwalimu aliuliza kama aitupe. Tulimwambia hapana, maana macho yake yanaihitaji na fedha imekwisha kutoka. Ila lile "Ndiyo" halikuwa letu kulifuta. Jumamosi iliyofuata aliwaambia vijana wote bei yake na mahali alipoinunua. Wakacheka sana. Yule aliyeuliza akaomba aivae kidogo, akafungua kitabu, akaona herufi zimevimba na kuyumba, akamrudishia.