Binti na Shamba la Baba

Katika michezo ya televisheni mawakili hushindana kwa maneno, na aliyebaguliwa hupata haki yake kwa saa moja. Maishani si hivyo. Mwaka 1990 Mahakama Kuu, huko Mwanza, ilitamka kwamba mila ya Kihaya iliyomkataza mwanamke kuuza ardhi ya ukoo yapingana na usawa uliomo katika Katiba. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 nayo yabatilisha mila zimnyimazo mwanamke ardhi. Basi twawauliza wazazi Wakristo, wa Kwaluguru na wa kwingineko: je, binti yenu awashtaki ndugu zake ndipo apate shamba? Hakimu aweza kutoa hukumu. Kupatanisha mioyo hawezi. Haki na itendeke nyumbani, baba angali hai.