Jina la Katikati la Binti

Jina la katikati, yaani lile linalokaa baina ya jina la kwanza na la ukoo, huonekana dogo kwa kuwa aghalabu huishia kwenye cheti cha kuzaliwa na pasipoti, lakini nchini Ufaransa lina uzito wa kisheria, kwani kifungu cha 57 cha sheria ya kiraia humruhusu mtu kutumia jina lake lolote lililosajiliwa kuwa jina la kila siku. Msichana aliyeandikwa Camille Jeanne akipenda kuitwa Jeanne, haombi kibali popote. Uhuru wa wazazi wenyewe ni wa juzi tu: sheria ya 1803 iliwabana katika majina ya kalenda na ya watu wa historia ya kale, hadi sheria ya Januari 1993 ilipowafungulia.

Mzazi anayesita kati ya Kifaransa na Kiayalandi hana budi kulitazama jina Siobhán, linalotamkwa takriban “Shivon”. Wanormani, wapiganaji waliosema Kifaransa cha kale, walitua Ayalandi mwaka 1169, na jina lao Jehanne likaingia katika lugha ya wenyeji, ambayo haikuwa na sauti ya “j”, likageuka kuwa la “sh”. Jeanne na Siobhán, basi, ni ndugu wa tumbo moja, ingawa huyu wa pili ana kero zake: mkwaju juu ya “a”, uitwao fada, ambao huirefusha irabu, husahaulika kirahisi ughaibuni, na binti atalazimika kuwaeleza walimu wengi kwamba “bh” husomwa “v”.