Kura ya Kujitenga na Neno "Sisi"



Mwalimu mmoja wa mtaa alituuliza swali hili: Watu wa nchi wakipiga kura kama wajitenge au wasijitenge, nusu wakasema Ndiyo na nusu wakasema La, je, wale walioshindwa kwa kura chache wafungwa na neno la walioshinda? Akaongeza swali la pili, lililo zito kuliko la kwanza: Je, si vibaya hata kuwauliza watu swali kama hilo, ikiwa latenga baba na mwana?

Hatuwezi kumjibu kwa neno moja. Twapenda kumjibu kwa habari za nchi iliyo mbali nasi, kwa maana mtu huona vema zaidi shauri ambalo yeye mwenyewe hana upande ndani yake. Nchi hiyo ni Quebec, jimbo kubwa la Kanada. Wafaransa walijenga mji wao huko katika mwaka wa 1608. Waingereza wakauteka mwaka wa 1759, na kwa mapatano ya mwaka wa 1763 nchi yote ikawa chini ya mfalme wa Uingereza. Hata hivyo watu hawakuacha lugha yao wala desturi zao. Majimbo yalipounganishwa mwaka wa 1867 kuwa Kanada, Quebec iliingia pamoja na mengine, nayo peke yake ndiyo ambayo wengi wa watu wake husema Kifaransa. Basi yafahamika kwa nini wengine kati yao walisema, "Sisi tu taifa, na taifa lapaswa kujitawala." Yafahamika pia kwa nini wengine walijibu, "Kanada nayo ni yetu. Babu zetu waliijenga."

Kura ya namna hii si kama uchaguzi wa kila siku. Katika uchaguzi watu huchagua nahodha, na yule asiyempenda hungoja miaka michache, kisha hujaribu tena. Lakini kura ya kujitenga yauliza kama jahazi lenyewe likatwe vipande viwili. Tena kila abiria aulizwa, hata kama hataki, wewe ni wa kipande gani? Ndiyo sababu maneno huwa makali, nayo huingia hata mezani pa chakula.

Tazameni nyumba ya Johnson. Daniel Johnson alikuwa waziri mkuu wa Quebec toka mwaka wa 1966 hata alipokufa mwaka wa 1968, naye alikuwa na wana wawili waliokuja kushika cheo kilekile cha baba yao. Pierre Marc alikishika mwaka wa 1985, akiwa mkuu wa chama kilichotaka Quebec ijitenge, ingawa yeye mwenyewe alipenda jambo hilo lingojee kwanza. Ndugu yake, aliyeitwa Daniel kama baba yao, alikishika mwaka wa 1994 kwa chama kingine, na mwaka wa 1995 ndiye aliyeongoza upande wa La. Tumbo moja, njia mbili! Wala hakuna aliyeweza kusema kwamba mmoja wao si mtu wa Quebec. Kwa hiyo sisi hatukubali kwamba kutofautiana katika jambo hili ni kosa. Watu wawili waweza kuipenda nchi moja kwa moyo mmoja, wasipatane juu ya mipaka yake.

Kura ya kwanza ilipigwa tarehe 20 Mei 1980. Katika kila watu mia, karibu sitini walisema La. Usiku ule René Lévesque, waziri mkuu wa Quebec aliyeitisha kura hiyo, alisimama mbele ya watu wake katika ukumbi mmoja mjini Montreal, na wengi walikuwa wakilia. Hakuwaficha uchungu wake. Aliwaambia kwamba wameshindwa na hawana budi kulimeza jambo hilo. Kisha akasema kwamba, kama aliwaelewa vema, walikuwa wakimwambia, mpaka mara nyingine.  Sisi twaona kwamba hotuba ile fupi iliikinga nchi na mabaya mengi, kwa kuwa mtu aliyeshindwa, na umati nyuma yake, ana nguvu kubwa sana kwa saa moja au mbili.

Lakini walioshinda nao wana wajibu wao, na hapa habari si njema. Siku sita kabla ya kura, Pierre Elliott Trudeau, waziri mkuu wa Kanada yote, naye mzaliwa wa Montreal, aliahidi katika ukumbi uleule kwamba watu wakisema La, katiba ya Kanada itafanywa upya. Wengi wa Quebec waliisikia ahadi hiyo kwa maana moja: jimbo lao litapewa nguvu zaidi. Trudeau alikuwa na maana nyingine. Usiku wa kuamkia tarehe 5 Novemba 1981 wakuu wa majimbo mengine walipatana naye, na Lévesque alikuwa amelala ng'ambo ya mto, hana habari. Alipoamka aliona jambo limekwisha. Katiba ile ilitiwa sahihi mwezi wa Aprili 1982, na serikali ya Quebec haikuikubali.

Je, Trudeau alisema uongo? Wako wanaosema ndiyo, na wako wanaosema kwamba alitimiza neno lake sawasawa na alivyolisema. Sisi twasema hivi: mtu anayeomba kura katika saa ya hofu, akijua kwamba neno lake litasikiwa kwa maana asiyoikusudia, akalisema na asilieleze, hajaepuka lawama kwa kusema kwamba maneno yenyewe yalikuwa ya kweli. Mapatano mengine yalijaribiwa toka mwaka wa 1987 ili kuirudisha Quebec, nayo yakavunjika mwezi wa Juni 1990. Hapo hata watu wapole wakaanza kusema, "Tulisema La, na tumepata nini?"

Ndipo kura ya pili ikaja, tarehe 30 Oktoba 1995. Swali lenyewe halikuwa wazi. Liliuliza kama watu wakubali Quebec iwe na mamlaka yake kamili baada ya kuiomba Kanada ushirika mpya, likitaja sheria moja na mapatano fulani ya mwezi wa Juni. Mkulima aliyesoma karatasi ile aliweza kudhani kwamba kusema Ndiyo ni kuanza mazungumzo tu. Anayeuliza swali la namna hii ajitafutia shida, kwa maana akishinda hatajua amepewa nini.

Watu walijitokeza kwa wingi wa ajabu: katika kila mia walioandikishwa, zaidi ya tisini na watatu walipiga kura. Waliosema La walikuwa 2,362,648, na waliosema Ndiyo 2,308,360. Tofauti yao ni 54,288. Tena kura zilizokataliwa zilikuwa zaidi ya 86,000, yaani nyingi kuliko tofauti yenyewe! Mahali pamoja, Chomedey, zaidi ya kura moja katika kila kumi ilitupwa. Uchunguzi ulifanywa baadaye, ikaonekana kwamba wahesabuji wengine walikataa kura pasipo sababu ya haki, lakini haikuonekana kwamba palikuwa na shauri la hila la watu wote pamoja.

Jacques Parizeau, waziri mkuu wa Quebec wakati huo, akasimama kusema. Alisema kwamba wameshindwa na fedha na kura za makabila, akimaanisha wageni na wana wa wageni wasio wa asili ya Kifaransa. Akawaambia wasikilizaji wake waache kusema habari za Wafaransa wa Quebec, bali waseme "sisi", kwa kuwa katika kila mia ya "sisi" sitini walisema Ndiyo. Kesho yake alitangaza kwamba ataacha kazi, na wengi wa upande wake mwenyewe waliona haya.

Katika habari ya fedha hakusema uongo mtupu. Mwaka wa 2007 hakimu mmoja aliyechunguza mambo hayo alionyesha kwamba zaidi ya dola 500,000 zilitumika kinyume cha sheria kwa upande wa La. Aliyedhulumiwa ana haki ya kulalamika. Lakini ubaya wa hotuba ile haukuwa katika fedha, ulikuwa katika neno lile dogo "sisi". Asubuhi, neno hilo lilikuwa na maana ya kila mtu akaaye Quebec, ndiyo maana kila mmoja alipewa karatasi. Usiku, baada ya kuhesabu, maana yake ikapunguzwa, na yule mshona viatu aliyetoka Ugiriki au Haiti akaambiwa kwamba karatasi yake ilihesabiwa lakini yeye mwenyewe hakuwamo. Huko ni kumwalika mtu karamuni, kisha kumwuliza amefuata nini.

Na neno hilohilo lilikuwa na shida nyingine. Kaskazini ya Quebec wakaa watu waitwao Cree, waliokuwako kabla ya Mfaransa na kabla ya Mwingereza. Tarehe 24 Oktoba, siku sita kabla ya kura kuu, walipiga kura yao wenyewe, na zaidi ya tisini na sita katika mia walikataa kutolewa katika Kanada pasipo kukubali kwao. Hoja yao ilikuwa nyepesi kueleweka na ngumu kujibiwa: Kama Kanada yaweza kugawanyika kwa kuwa Quebec ni taifa, kwa nini Quebec isigawanyike kwa kuwa sisi nasi tu taifa? Wengi waliopenda uhuru wa Quebec hawakupenda kuisikia hoja hii. Twakiri kwamba hata sisi hatujui mahali pa kuikomesha. Kila "sisi" ina "sisi" nyingine ndani yake.

Basi turudi kwa mwalimu wetu. Tarehe 20 Agosti 1998 Mahakama Kuu ya Kanada ilitoa hukumu kwamba Quebec haiwezi kujitenga kwa neno lake peke yake. Lakini kama wengi walio dhahiri wakijibu Ndiyo kwa swali lililo dhahiri, Kanada nayo yapaswa kuketi kuzungumza nao. Wengi walio dhahiri ni wangapi? Mahakimu hawakutaja hesabu. Mwaka wa 2000 bunge la Kanada lilitunga sheria, nalo pia halikutaja hesabu. Bunge la Quebec likatunga ya kwake, likasema nusu na moja zaidi yatosha. Kila mmoja akashika mizani yake.

Sisi, kama twaulizwa, twaona kwamba nusu na moja yaweza kutosha kwa sheria, lakini haitoshi kwa dhamiri. Ndugu wakitaka kugawana shamba la baba, wazee hawahesabu vichwa tu; huuliza kisima kitakuwa upande gani, na makaburi, na yule mjane atapita wapi. Tena kukaa kwaweza kuulizwa upya mwaka mwingine, bali kukata hakuungwi kwa urahisi. Twajua jibu la upande wa pili: kwamba kwa kanuni hiyo wachache watawafunga wengi milele. Jibu hilo lina nguvu. Kwa hiyo hatusemi kwamba swali lisiulizwe, na aliyeshindwa kwa kura moja tu afungwa kuitii hesabu. Ila aliyeshinda kwa kura moja afungwa zaidi, kwa maana nusu ya watu wake wamo ndani ya nyumba pasipo kupenda, na kila ahadi aliyowapa ni deni.

Zaidi ya miaka ishirini na mitano imepita tangu mwaka wa 1995 pasipo kura ya tatu. Na jambo moja la baadaye halijulikani sana. Tarehe 7 Februari 2002 Bernard Landry, waziri mkuu wa Quebec wa chama kilekile cha kujitenga, alisafiri mpaka Waskaganish, kijiji cha Wacree, akatia sahihi mapatano na mkuu wao Ted Moses juu ya misitu, mito na fedha zitokazo humo, kama taifa kwa taifa. Hakuwauliza tena walivyopiga kura.