Ushahidi wa Macho

Macho ni shahidi aliyezoea kuaminiwa. Kwa neno lake watu hupatana, hugombana na hufungwa. Lakini shahidi mkweli akileta neno lisilowezekana, haki yataka tumkatae yeye, au tuitupe sheria?

Swali hili liliwafikia wataalamu wa nyota mwaka 1971. Darubini mbili za redio, moja California na nyingine Massachusetts, zilitumiwa pamoja, zikapata ukali wa darubini moja yenye upana wa bara zima. Zilielekezwa kwa 3C 273 na 3C 279, viini vya galaksi vilivyo mbali nasi kwa zaidi ya miaka ya nuru bilioni 2. Vilionekana kutanuka kwa kasi iliyoipita ile ya nuru mara kadhaa. Walakini hapana kitu kiwezacho kuishinda nuru mbio.

Haikulazimu kumfukuza shahidi wala kuivunja sheria. Martin Rees wa Cambridge alikwisha kuonyesha njia mwaka 1966. Tuseme bonge la gesi limetupwa na kiini, likasafiri miaka 10, likatukaribia kwa miaka ya nuru 9.8 na kwenda kando kwa 1.4. Kasi yake haikuifikia ya nuru. Lakini lilikuwa likiifukuza nuru yake lenyewe. Basi habari ya mwanzo wa safari na habari ya mwisho hutufikia zikiwa zimeachana kwa siku 73 tu. Kwa hiyo bonge huonekana kuishinda nuru mara 7. Picha haikusema uongo. Mtazamaji ndiye anayesahau kujitia mwenyewe katika hesabu.

Wanadamu nao huhukumiana hivyo. Mtu hutaabika kimya miaka mingi, na matunda yake yakatufikia kwa msimu mmoja. Tuliouona msimu, tusiione miaka, twanena kuwa ameiba au ameroga. Sisemi kuwa duniani hapana mwizi. Nasema hesabu na iitangulie hukumu. Kabla ya kuuliza mwenzetu amekwendaje mbio hivyo, hatuna budi kuuliza sisi tulisimama wapi tulipomtazama, na habari zake zilitufikia kwa njia gani. Kosa la nyota halimdhuru mtu. Kosa la pili humvunjia mtu heshima yake, na pengine humtoa roho.