Kidole Kikisema Ndiyo



Chukua pedi ya PlayStation uitazame vizuri. Upande wa kulia kuna vitufe vinne: pembetatu, duara, eksi na mraba. Aliyevibuni ni Mjapani Teiyu Goto, na hakuviweka kama pambo. Alieleza kwamba pembetatu ni kichwa cha mtu, yaani upande anaotazama. Mraba ni karatasi, kwa hiyo menyu. Duara ni ndiyo, eksi ni hapana. Kwa Mjapani hilo halihitaji maelezo, maana mwalimu wake akisahihisha daftari, jibu lililo sawa huwekewa duara.

Sasa pedi ilipofika Marekani na Ulaya mwaka 1995, mambo yakageuka. Kwenye michezo mingi ya huko eksi ikawa ndiyo, duara likawa hapana. Nasi tukaipokea hivyo hivyo. Tumekaa kwenye mabanda ya gemu tukibonyeza eksi kukubali, wakati shuleni eksi ya kalamu nyekundu ilikuwa inatuambia tumekosa! Wala hakuna aliyeshangaa. Mwaka 2020, ilipotoka PlayStation 5, Sony ikaamua hata Japani kwenyewe eksi iwe ndiyo. Watu waliozoea duara kwa miaka 26 wakaambiwa dole gumba lianze upya.

Mtakatifu Agostino anatofautisha alama za asili na alama zinazotolewa na watu. Moshi unaonyesha moto hata kama hakuna aliyekusudia kukuambia kitu. Neno ni tofauti, na kitufe pia: vinasema kitu kwa sababu tumeelewana visemee hicho. Wengi huishia hapo na kusema, basi, kama ni makubaliano tu, mwenye mchezo apange atakavyo. Mimi naona kinyume kabisa. Moshi hauhitaji uaminifu wa mtu yeyote. Eksi inauhitaji, kwa sababu haina kitu kingine cha kuishikilia. Nikishazoea kwamba hapa ndipo pa kukubali na pale ndipo pa kukataa, nimemkabidhi aliyepanga vitufe ndiyo yangu na hapana yangu.

Na hapo si utani tena. Desemba 2022 kampuni ya Epic Games, wenye Fortnite, ilikubali kulipa dola milioni 245 baada ya kushtakiwa na tume ya biashara ya Marekani, FTC. Shtaka lilihusu vitufe hivi hivi: mpangilio wa kuchanganya, usiofuata utaratibu mmoja, hata mchezaji akatozwa pesa kwa kubonyeza mara moja tu. Mwingine alikuwa anaamsha gemu iliyolala. Mwingine gemu ilikuwa bado inafunguka. Mwingine alitaka kuitazama bidhaa tu, akagusa kitufe cha jirani. Tume ilisema malalamiko yalizidi milioni moja na kampuni ikayapuuza.

Je, aliyebonyeza alikubali? Mtakatifu Thomas wa Akwino angeuliza kwanza kama hilo ni tendo la kibinadamu, lililotoka kwenye akili na utashi, au ni tendo la mtu tu, kama vile kuchezea ndevu huku mawazo yako mbali. (Mfano wa ndevu ni wake, si wangu, mimi sina ndevu.) Dole gumba lililotoa pasi kwa eksi maelfu ya mara halisomi maandishi. Linabonyeza. Anayepanga vitufe analijua hilo kuliko mwenye kidole, ndiyo maana sikubali utetezi wa “si alibonyeza mwenyewe?” Mchezaji amebonyeza bila kuwaza, lakini mpangilio ule uliwazwa, ukajaribiwa, ukapitishwa na watu walio macho.

Kijana mmoja wa VIWAWA aliniuliza: alinunua kitu kwenye gemu kwa kadi ya kaka yake bila kukusudia, je, ni wizi? Mimi si padre, siwezi kumwondolea mtu dhambi. Nilimwonyesha Katekisimu, namba 1735: kutojua, kutoangalia na mazoea vinaweza kupunguza lawama, hata kuiondoa. Akafurahi sana. Nikamuuliza, ujumbe wa benki uliingia kwenye simu ya nani? Akasema, ya kaka. Kaka alipouliza, wewe ulijibu nini? Akakaa kimya.

Hapo, ndugu zangu, hakuna kitufe cha kulaumu. Alikuwa na muda wote wa kufikiri, na ndiyo na hapana zilikuwa mdomoni mwake. Nilimwambia amwone kaka yake kwanza, leo hii, kisha padre Jumamosi.