Nakshi Zilizogeuzwa Mgongo

Mimi ni fundi wa milango. Nakshi nazichonga upande unaotazama njia. Upande wa ndani naupiga randa tu, kwani sijapata mteja wa kulipia wasichokiona wageni wake. Ndiyo maana nilipofika Newgrange, kaburi la kale karibu na mto Boyne huko Ireland, jiwe maarufu la mlangoni halikunishughulisha kama mawe mengine.

Lile la mlangoni ni zuri, sikatai. Limelala mbele ya njia ya kuingilia, urefu wake unapita mita 3, na misokoto imeshikana hata huoni fundi alianzia wapi. Chuma hawakuwa nacho. Waligonga kwa ncha za mawe magumu, kidoti baada ya kidoti, mnamo mwaka 3200 kabla ya Kristo, piramidi za Giza bado hazijajengwa. Ukiinama ukavitazama vidoti vile, nawe ni mtu wa kazi hii, kiganja chako kinauma.

Sasa, Profesa Michael O'Kelly, aliyechimba hapo kuanzia 1962 hadi 1975, alikuta nakshi hata migongoni mwa mawe, upande uliofukiwa na kifusi. Juu ya mawe ya dari alikuta pia mifereji iliyochongwa ili maji ya mvua yasivuje ndani. Mifereji naielewa: imefichwa, lakini ina kazi. Nakshi za migongoni hazizuii maji. Walio hai hawakuziona, na wafu, ambao mifupa yao iliwekwa chumbani, walikuwa upande wa pili wa jiwe.

Wapo wasemao mawe ya namna hiyo yalitolewa kwenye majengo ya zamani zaidi. Hoja ina uzito. Kule Gavrinis, Ufaransa, jiwe la dari lina picha ya mnyama mwenye pembe upande wa juu, na kipande kingine cha jiwe hilohilo kimeezeka kaburi la Locmariaquer, kilomita chache kutoka hapo. Lilivunjwa, likatumika upya. Lakini hata aliyelitumia upya pale Gavrinis alikuwa na hiari ya kuuelekeza uso wenye picha chini, kwa waingiao, naye akauelekeza kwenye kifusi.

Dini yangu, Uislamu, inanionya juu ya ria, yaani kutenda ili watu waone, na makaburi hainiruhusu kuyapamba. Watu wa Boyne siwafanyi Waislamu kwa nguvu. Wao walikuwa na yao. Ila suala la nia ni la kila mwanadamu afanyaye kazi kwa mikono. Mtu akigonga jiwe mpaka akachoka, kisha akakubali uso wa jiwe hilo ufukiwe, hakufanya kwa ajili ya macho ya watu wala kwa sifa. Pambo lazima liwe na mtazamaji. Kwa hukumu yangu, kazi ile ilikuwa ibada, na wanaoiita mapambo wanaipunja.